TUMEHUBIRI KALEBU, TUKAMSAHAU BARZILAI

Neno la mchungaji kwa wazee wetu na kwa watoto wao

Andiko: 2 Samweli 19:31-39. Soma pia Mhubiri 12:1-7, Yoshua 14:6-12 na Yohana 21:18.



   

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo hatulisemi sana madhabahuni. Tunahubiri juu ya ndoa, juu ya vijana, juu ya sadaka, juu ya vita vya kiroho. Lakini juu ya kuzeeka, mwili unapopungua na akili inapochoka, tunanyamaza. Tukisema, tunasema siku ya mazishi, na mhusika hasikii tena.

Nakivale yenyewe ni mzee. Wakimbizi wa kwanza, waliotoka Rwanda, walifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada yao tumekuja wengi, Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, na kila kundi lilidhani litakaa miezi michache. Wengi wetu tulifika na nguvu za kufyeka na kujenga. Sasa nyumba zile zimebadilishwa mabati mara mbili, na wale waliozijenga wanatembelea fimbo. Hatukupanga kuzeekea hapa, ndiyo maana jambo hili limetukuta hatujajiandaa.

Tena wengi hata hatujui miaka yetu. Kadi inasema tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hatukuwa na karatasi. Ukimwuliza mama mmoja miaka yake, atakuambia kwamba wakati wa vita ya Mulele alikuwa msichana wa kuchota maji. Basi unahesabu kuanzia 1964, unakuta mama amepita sabini, naye bado anashika jembe na kujilaumu kwamba siku hizi amekuwa mvivu. Mama, huo si uvivu.

KOSA TUNALOLIUNGAMA

Kabla ya kufundisha, tunaungama. Yule tunayemsimulia na mkwe wake wametupa ruhusa ya kuandika haya bila jina.

Kanisani kwetu kengele ni rimu ya gari iliyofungwa kwenye mti, na hugongwa kwa nyundo. Kwa miaka mingi aliyeigonga ni baba mmoja, shemasi wa zamani, fundi seremala aliyetoka upande wa Fizi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliigonga kwa ajili ya maombi. Watoto wa shule walijua saa kwa nyundo yake.

Ikatokea usiku mmoja kengele ikalia saa nane. Ninyi mnaosoma mnajua maana ya kengele kulia usiku kwa watu kama sisi. Watu walitoka mbio. Mama mmoja alifunga mtoto mgongoni akakimbia mpaka bondeni, akidhani ni vita. Tulipofika mtini tulimkuta mzee wetu na nyundo mkononi, anatushangaa mbona tumechelewa maombi.

Sisi tulifanya nini? Tulimwekea mikono, tukamhubiria Kalebu. Tulimwambia kwamba Kalebu alikuwa na miaka themanini na mitano na nguvu zake zilikuwa kama siku zile Musa alipomtuma kupeleleza nchi. Tuliukemea uzee kama tunavyokemea pepo. Tulipomaliza alituuliza kwa upole, "Papa Mchungaji, imani yangu imepungua wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia aendelee kuomba.

Kengele ililia tena usiku mara mbili. Baraza la kanisa likakutana bila yeye, tukamtuma shemasi kijana akachukue ile nyundo. Alienda, akaichukua, akarudi. Hakuna aliyemwambia mzee neno.

Mzee akaacha kuja kanisani. Jumapili sita kiti chake kilikaa wazi. Halafu tukasikia watoto njiani wakisema yule mzee anatembea usiku, yule ni mchawi. Hapo ndipo tulipoamka, kwa sababu tunajua neno hilo linapofikia.

Tulimwendea jioni, tukakaa naye nje kwenye mkeka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mlichukua nyundo. Mngeniambia, ningewapa mwenyewe kwa mkono wangu."

Ndugu, maneno hayo yalitufanya turudi katika Biblia na kutafuta kama yupo mzee mwingine zaidi ya Kalebu. Tukamkuta Barzilai.

MZEE ALIYESEMA KWELI

Daudi alikuwa mfalme, lakini katika sura hizi ni mkimbizi. Mwanawe Absalomu amempindua, naye amevuka Yordani na watu wake, wenye njaa, wenye kiu, waliochoka. Walipofika Mahanaimu, watu watatu waliwaletea msaada, na mmoja wao alikuwa Barzilai Mgileadi. Soma 2 Samweli 17:27-29, utaona walivyoleta vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, unga, kunde, dengu, asali, siagi na kondoo. Sisi tuliopanga mstari kwa ajili ya unga na maharage tunaielewa orodha hiyo kuliko wasomi wengi.

Vita vikaisha, na Daudi akawa anarudi nyumbani. Barzilai akaja kumsindikiza mpaka Yordani, naye ana miaka themanini. Mfalme akamwalika waende wote Yerusalemu, akae mezani pake atunzwe. Nani kati yetu angekataa? Barzilai alikataa kwa heshima, na akatoa sababu. Alisema miaka yake ni themanini. Alisema hawezi tena kupambanua vizuri, na chakula hakimpi ladha kama zamani. Masikio yake hayasikii vizuri sauti za waimbaji. Akamwuliza mfalme kwa nini awe mzigo kwake. Aliomba jambo moja tu, arudi afie mji wake karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Kisha akamsogeza mbele Kimhamu, ambaye wengi humwona kuwa mwanawe, aende badala yake.

Tazameni, mzee huyu alihesabu mabadiliko yake mbele ya watu bila aibu. Alitaja akili yake, ulimi wake, masikio yake. Hakusingizia uchawi wala hakusema imani yake imepungua. Na Daudi hakumkemea, bali alimbusu, akambariki, akampokea Kimhamu. Miaka ilipopita Daudi alikumbuka jamaa ya Barzilai hata karibu na kufa kwake (1 Wafalme 2:7).

Basi, wapendwa, Kalebu ana miaka themanini na mitano na anaomba mlima apigane. Barzilai ana miaka themanini na anaomba apumzike. Biblia ni moja, Mungu ni mmoja, na wote wawili wanasifiwa. Nguvu za Kalebu zilikuwa zawadi, na zawadi haigeuzwi kuwa sheria kwa kila mzee. Kosa letu wahubiri ni kwamba tumehubiri Kalebu kila mwaka na Barzilai hatumtaji. Ndiyo sababu wazee wetu wanaficha. Anayeshindwa kuona anajifanya anaona, na asiyesikia anaitikia amina mahali pasipo na amina.

Na sisi wenyewe tulificha. Tunaowaandikia haya tumepita miaka arobaini na mitano. Kwa muda wa miaka miwili herufi za Biblia zilikuwa zinatukimbia. Tulikuwa tunakariri andiko nyumbani, au tunamwita kijana asome mbele ya kanisa, tukisema ni kwa ajili ya kulea vijana. Mlitusifu kwa unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, yalikuwa macho. Siku tuliponunua miwani ya kusomea huko Mbarara tulijiuliza kwa nini tulidanganya kanisa la Mungu miaka miwili kwa sababu ya kitu kidogo hivyo.

NYUMBA INAYOCHAKAA

Mhubiri sura ya 12 inaueleza mwili wa mzee kwa mfano wa nyumba. Walinzi wa nyumba wanatetemeka, nao ndio mikono. Wenye nguvu wanainama, ndiyo miguu na mgongo. Wasagao wamebaki wachache, ndiyo meno. Wanaochungulia madirishani wametiwa giza, ndiyo macho. Milango ya barabarani inafungwa, ndiyo masikio. Mzee anaamka ndege anapolia, kwa sababu usingizi umekuwa mwepesi. Anaogopa mahali palipoinuka na njia inamtisha. Mlozi unachanua, nazo ndizo mvi.

Maneno haya yaliandikwa zamani sana, lakini daktari akiyasoma leo hataona cha kubishana nacho. Tunataka tuyapitie kidogo, kwa sababu watu wengi wanateseka kwa kutojua.

Kuna mabadiliko ya kupokea. Baada ya miaka arobaini hivi, kioo cha ndani ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu hayasomeki. Huo si ugonjwa, ni miwani tu inahitajika. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo mzee anasikia kwamba unasema lakini hapati maneno. Kumpigia kelele hakusaidii. Mkabili, akuone mdomo, sema polepole. Misuli hupungua hata kama mtu anakula. Usingizi huwa mfupi. Kiu nayo hupungua, mzee anaweza kukaukiwa maji asijisikie kiu, kwa hiyo mpe maji bila kungoja aombe. Na majina huchelewa kuja. Jina la jirani linapotea asubuhi, linarudi jioni. Hayo tuyapokee, tuyacheke pamoja.

Lakini kuna mengine yanayovaa nguo za uzee, kumbe ni ugonjwa unaotibika au unaoweza kuzuiwa usiendelee. Hapa ndugu zetu wengi hukosea upande wa pili. Wanasema ni uzee tu, wanamwacha mzee apofuke ndani ya nyumba.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika kile kioo cha jicho. Ni sababu kubwa ya upofu duniani, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Jicho halitolewi nje, kama wengine wanavyotishana. Presha ya macho ni kitu kingine, yenyewe ikishaua kuona, hakurudi, kwa hiyo kuwahi ndiyo dawa. Presha ya damu haina kelele mpaka ilete kiharusi. Kisukari huharibu macho na miguu taratibu. Pia mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hajui alipo, anaona vitu visivyokuwepo, msiseme ni uzee wala msimpeleke kwanza kwenye maombi ya kufunguliwa. Inaweza kuwa malaria, uchafu katika mkojo, kukauka maji, au sukari imepanda au kushuka. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ombeni mkiwa njiani.

SAFARI YA MBARARA

Baada ya jioni ile ya mkeka, wamama wa kanisa walichanga nauli. Tuliondoka alfajiri, mzee, mkwe wake na sisi, tukapita Isingiro mpaka Mbarara. Mji huo una hospitali kubwa ya rufaa ya serikali, na kule Ruharo kuna hospitali ya misheni inayojulikana kwa matibabu ya macho. Tunataja ili mjue kwamba msaada hauko mbali kama tunavyodhani. Anzeni na kituo cha afya cha hapa, mwombe barua ya kuwatuma.

Mzee alionwa na daktari wa macho, na siku nyingine na daktari mwingine kwa ajili ya kule kusahau. Wa macho alikuta mtoto wa jicho pande zote mbili. Tukaelewa jambo moja. Usiku wa mbalamwezi mzee alikuwa anaona weupe dirishani tu, akadhani kumekucha. Sisi tulikuwa tumemkemea pepo, kumbe ni ukungu wa jicho.

Alipasuliwa jicho la kulia. Siku walipomfungua kitambaa alitutazama muda, kisha akasema, "Kumbe, Papa Mchungaji, na wewe umezeeka." Manesi walicheka, na sisi tukacheka. Haleluya.

Lakini tusiwadanganye. Daktari wa pili alimwuliza maswali mengi, akampima presha na damu, akazungumza na mkwe wake. Mwishoni alisema ule ugonjwa wa kusahau umeanza, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma kabisa. Mzee alisikia. Tulirudi na jicho moja linaloona na habari moja nzito. Ndani ya taksi hakusema kitu mpaka tulipofika karibu na nyumbani, akatuambia tumwombee asije akalisahau jina la Yesu. Tulimjibu kwamba hata akilisahau jina la Yesu, Yesu halisahau jina lake. Isaya 46:4 inatupa ahadi kwamba Mungu aliyetubeba tangu tumboni atatubeba mpaka mvi. Hapo mbebaji ni Mungu, na mtoto aliyebebwa mgongoni akilala haanguki kwa sababu amelala, maana nguo imefungwa na mama.

AKILI INAPOCHOKA SI UCHAWI

Hapa tunasema kwa uchungu. Kule kwetu Kivu ya Kusini, wamama wazee wameuawa na vijana wa vijiji vyao kwa sababu ya kuitwa wachawi. Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, wazee wanawake waliuawa kwa miaka mingi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, kumbe ni macho yaliyoumizwa na moshi wa jikoni tangu ujana. Walipika chakula cha kijiji kizima, na moshi wa chakula kile ndio waliohukumiwa nao.

Mzee anayezunguka usiku, anayeongea peke yake, anayemwita mtoto wake kwa jina la marehemu, anayesema ameibiwa kitu alichokificha mwenyewe, ni mgonjwa. Kusahau jina ni kawaida ya uzee. Kupotea njia uliyoipita miaka kumi, kuweka sufuria motoni bila maji, kutomtambua mtoto wako, huo ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ni ugonjwa wa kifua. Pia huzuni ya muda mrefu humfanya mtu asahau. Wazee wetu wameona mambo ambayo hatuwezi kuyaandika hapa, na wengine hawajapata hata siku moja ya kuyasimulia. Msije mkamwita mchawi mtu aliyelemewa na majonzi.

Tunatangaza wazi kwamba mkristo wa kanisa hili atakayemwita mzee mchawi ataitwa mbele ya baraza. Na nabii atakayekuja kwetu na maono ya kutaja wazee kwa vidole, hatapewa madhabahu.

MTOTO ANA SAA, MZEE ANA NYUNDO

Sasa turudi kwa Barzilai. Hakusema hawezi, akaishia hapo, bali alimtoa Kimhamu. Hiyo ni kazi ya uzee, kukabidhi. Na mtu hukabidhi kitu kilicho mkononi mwake bado. Ukimnyang'anya, hana cha kukabidhi tena. Hilo ndilo tulilomkosea mzee wetu.

Baraza lilikutana tena, safari hii naye akiwa amekaa katikati. Tuliomba msamaha. Tulimrudishia nyundo mbele ya kanisa siku ya Jumapili, naye akamwita mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu asimame karibu. Alisema mbele ya wote, "Mtoto huyu atanichukua asubuhi. Siku nitakaposhindwa, nyundo ni yake, na msimwulize." Tangu hapo mtoto ana saa, mzee ana nyundo. Saa kumi na mbili ikifika wanakuja pamoja, mmoja anaongoza njia na mwingine anagonga.

Si kila siku ni nzuri. Kuna asubuhi mzee haji, mtoto anagonga peke yake. Na kuna siku anamwita mjukuu kwa jina la kijana wake mkubwa aliyebaki Kongo, ambaye hatujapata habari zake mpaka leo. Tulimwuliza mtoto kama jambo hilo linamsumbua. Alijibu, "Akiniita hivyo, anafurahi. Ninaitika."

Tumesoma miaka kadhaa chuo cha Biblia, lakini mtoto huyu ametufundisha maana ya Yohana 21:18 kuliko vitabu. Bwana alimwambia Petro kwamba ujanani alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akizeeka atanyosha mikono na mwingine atamfunga na kumpeleka. Tunajua Yohana anaeleza kwamba maneno hayo yalihusu kifo cha Petro. Lakini tazameni, baada ya kusema hayo Bwana alimwambia amfuate. Maana yake hata aliyeshikwa mkono na kuongozwa bado anaweza kumfuata Yesu.

KWA NINYI WAZEE

Wababa na wamama zetu, tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, semeni kweli kama Barzilai. Kama huoni, sema. Kama umeanguka chooni usiku, sema, tukufungie kamba ya kushika na kukutafutia tochi. Ukificha, unatunyima baraka ya kukusaidia.

Pili, msijiite mzigo mkafunga mlango. Tunajua tangu 2023 msaada wa chakula umepunguzwa na watu wamewekwa katika makundi, na katika nyumba nyingi sahani imekuwa ndogo. Tunajua wapo wazee wanaosema wameshiba ili wajukuu wale. Upendo huo Mungu anauona, lakini mwili wa mzee ukikosa chakula huanguka haraka. Kuleni. Hamkuwa mzigo mlipotubeba mgongoni kuvuka mpaka, na leo hamjawa mzigo.

Tatu, kabidhini mapema. Simulieni vijiji vyetu, majina ya mababu, mipaka ya mashamba, nyimbo, dawa za majani, makosa mliyofanya msitake tuyarudie. Eli macho yake yalikuwa yamefifia na sauti ya Mungu haikumjia yeye usiku ule, lakini ndiye aliyemfundisha Samweli jinsi ya kuitika (1 Samweli 3). Samweli alikuwa na masikio, lakini asingejua anaitwa na nani bila yule mzee.

KWA NINYI WATOTO NA WAKWE

Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Kusimama ni zaidi ya kuacha kiti. Ni kumwuliza kabla ya kuamua, hata kama jibu unalijua. Usimsemeshe kama mtoto mchanga. Usimsahihishe kila neno mbele ya wageni. Akisimulia jambo mara ya tano, msikilize kama mara ya pili.

Na wewe mkwe unayemhudumia mzee usiku na mchana, tunajua unachoka na wakati mwingine unakasirika, kisha unalia kwa kukasirika. Musa mikono yake ilipolegea, aliwekewa jiwe akalie, na watu wawili wakaishika, mmoja huku na mmoja huku (Kutoka 17:12). Walikuwa wawili, hakuachiwa mmoja peke yake. Kwa hiyo kanisa limekubaliana kwamba kila Jumatano baada ya maombi, wamama wawili na vijana wawili watakaa na wazee wasiojiweza, ili anayewahudumia apate saa chache za kulala, kufua, au kwenda sokoni. Waandikisheni wazee wenu kwa mashemasi wa kijiji chenu.

Kwa kumalizia, sisi vijana na watu wa makamo tusidhani habari hii ni ya wengine. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 4:16 kwamba utu wetu wa nje unachakaa na wa ndani unafanywa upya kila siku. Kuchakaa huko kumekwisha anza kwetu sote, ndiyo maana tunanunua miwani. Vile tunavyowashika wazee leo ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu jinsi ya kutushika kesho.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Daudi ukimbizini kwa mkono wa mzee Barzilai, utufundishe kupokea siku zetu. Yale yanayotibika, utupe kuyatafutia dawa. Yale yasiyotibika, utupe kuyabeba pamoja. Utusamehe nyundo tulizonyang'anya. Usiwaache wazee wetu wakati nguvu zinapowaishia, na ukitaka kuwashika mkono, utumie mikono yetu. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.